Bomba Lililogeuzwa Chini

Mwaka umetimia, Bundala, tangu ututoke Oktoba 1995, na wiki iliyopita mgeni tusiyemjua alibisha hodi hapa Nyalikungu, ndoo ya samaki wakavu kichwani.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama yako Felisita kwa Kisukuma. "Wewe ndiye mama yake injinia? Naitwa Nyanjige, nauza mapanki Lamadi. Siku ile alinisukuma nikaangukia mtaroni, nikamtukana. Ndiyo maana niko hai."

Mama alikaa chini pale pale mlangoni.

Kazi yako ilikuwa kuyapa matangi ya amonia, gesi ya sumu inayogandisha samaki, njia ya kupumua. Majirani walikutania, "Miaka yote hiyo shuleni, kumbe fundi friji!" Ulicheka nao, kisha ukawaeleza kwa sufuria na mfuniko wake. "Kuifungulia gesi ni nusu ya kazi," ulimwambia mdogo wako Milembe alipokuwa bado chuoni. "Nusu nyingine ni kuuliza inakwenda kwa nani."

Kiwanda cha samaki cha Lamadi kilipouzwa kwa mtu binafsi, ulichora bomba la kutolea gesi lipande juu ya paa, mdomo ukitazama mawinguni. Mafundi wakaugeuza chini, ati mvua isiingie. Chini ya mdomo huo ndipo akina mama husubiri mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakwenda Ulaya. Ulidai ligeuzwe. Mwenye kiwanda akakujibu, "Injinia, mzigo uondoke kwanza. Soko huria hili, wateja hawangoji bomba."

Kabla mzigo haujaondoka, pampu ya maji ya kupozea ikafa, kompresa ikaendelea kusukuma. Vali yako ya kutolea gesi ilifunguka kama ulivyoipanga, tangi halikupasuka. Gesi ikashuka ukutani. Ulitoka mbio kuwaondoa wale akina mama. Walipona wote. Wewe hukupona.

Tulidhani kifo chako kingeligeuza bomba. Nyanjige anasema bado linatazama chini. Milembe, aliyehitimu mwaka huu na anatafuta kazi, ameamini kila ofisi iliyomwambia arudi wiki ijayo, na amerudi. Kuna siku hatuoni ulikufa kwa ajili ya nini. Wanao wameacha kuuliza habari zako, na ukimya wao unatuumiza kuliko maswali.

"Alituahidi kibanda," Nyanjige alisema, "upande wa ziwani, upepo unakotoka, tusikae tena chini ya lile bomba. Tukamtania, 'Utatuezekea kwa michoro yako?' Akasema, 'Kwa bati, mama zangu.'"

Hilo hatukulijua. Mama aliinuka. Bati pekee tulizokuwa nazo ni zile ulizomnunulia yeye, za kuezekea nyumba yake.

"Mayu, mvua ndiyo hii inakuja," mkeo Lucy alimwambia.

"Nyumba yangu inavuja, haiui mtu. Zipakieni."

Jumamosi tulisimamisha kibanda Lamadi, tukazigongomea. Nyanjige na wenzake waliburuta ndoo zao hadi upande wa ziwani, wakaketi kivulini. Mama amerudi chini ya paa lake la nyasi, na mvua ya kwanza imekwisha kumlowesha kitanda. Hajalalamika.

Wanaokulilia: mama yako Felisita, mkeo Lucy, wanao Januarius na Rachel, na mdogo wako Milembe.

Hutatutoka moyoni, Bundala, maisha yetu yote.