Bakuli Lisilo na Chumvi

Jumatatu, 3 Machi
Sare za kwaya ninazoshona zimebaki kola tu. Nimemrudisha Kioko kutoka hospitali ya Wote, leo ilikuwa siku yake ya mashine ya kusafisha damu. Amelala na viatu. Mdogo wangu, na anatembea akishika ukuta. Daktari amerudia: tafuteni wa kutoa figo, muanzie nyumbani.

Mama ameshaamua ni mimi. Nina jina la nyanya, aliyelima hadi uzeeni. Kaka yetu mkubwa, Mutua, hata hatajwi. Alipewa jina la babu, yule aliyekufa kwa figo, miguu imevimba, na kwetu mwenye jina ndiye mwenyewe. Tangu utotoni muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hupikwa kando, bila chumvi. "Huyo ni mzee," Mama husema. "Mzee hapimwi." Mutua hucheka tu. Mwanaume mzima!

Alhamisi, 13 Machi
Nairobi. Damu yangu inalingana na ya Kioko. Presha nzuri. Nimejiona mshindi. Daktari ameongeza kipimo cha jeni. Naona ni kupoteza wakati.

Jumanne, 1 Aprili
Nimekataliwa.

Daktari alieleza polepole. Kuna tofauti fulani katika jeni moja, hupatikana kwa watu wa asili ya Afrika, zaidi Afrika Magharibi. Huku kwetu si wengi, lakini tupo. Mwenye nakala moja hana shida kubwa; mwenye mbili, figo zake zaweza kuharibika. Mimi ninazo mbili, moja ya Baba, moja ya Mama. Kioko vilevile. Si lazima niugue, ila figo zangu zote mbili nitazihitaji.

Nimelia chooni. Kwanza kwa ajili ya Kioko. Halafu kwa ajili yangu, na hilo limeniudhi.

Jumamosi, 5 Aprili
Mama amekataa kuamini. Eti nyanya hakuwahi kuumwa hata kichwa. Nimemjibu kwa ukali kwamba jeni haziulizi mtu anaitwa nani. Ameenda kukama bila kunitazama. Sijutii.

Kioko amekataa uji.

Jumatano, 7 Mei
Mutua amepiga simu kutoka Malili, anakouza mabati. Alienda kupimwa kimyakimya. Hana hata nakala moja. Figo safi, damu inalingana. Atatoa.

"Nilikuwa naogopa, Mwende. Nilijua mimi ndio babu."

Kumbe kicheko chote kile kilikuwa woga. Nimemkasirikia, Kioko anakwisha na yeye yupo. Halafu nimemhurumia. Chakula cha mgonjwa maisha yake yote, na mgonjwa si yeye.

Jumanne, 10 Juni
Wako ndani ya chumba cha upasuaji wote wawili. Mama anaomba kwa Kikamba, anawataja kwa majina, la Mutua mara nyingi zaidi. Mimi nashona vifungo kwa mkono. Nimevichomoa mara mbili.

Jioni. Figo imekubali. Kioko amekojoa. Sikujua neno hilo lingeweza kunitoa machozi.

Jumapili, 22 Juni
Ukungu hapa kwetu Nunguni tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Kioko bado yuko Nairobi, anaendelea vizuri, analalamikia chakula. Mutua yuko nyumbani, anakaa akishika ubavu.

Mama amepakua muthokoi. Lile bakuli la kando lisilo na chumvi, la bluu, lililobanduka ukingoni, amelipitisha mbele ya Mutua bila kusimama na kuliweka mbele yangu.

Nimekula lote.