Dawa Niliyokunyima Msimu wa Kupanda

Kwako mdogo wangu Osmundi,

Miezi michache iliyopita walikuja hapa Kitandililo watafiti wawili, msichana na mvulana, wote wanafunzi wa chuo. Walikuwa wanachunguza matibabu na huduma wanazopata wagonjwa wa akili huku kwetu. Mwenyekiti aliwaelekeza kwangu kwa ajili yako. Waliniamkia vizuri, wakanisomea karatasi ya ridhaa, nikatia saini. Kisha msichana akafungua kishikwambi chake na kuanza kuuliza.

Aliuliza kama zahanati yetu ilikuwa na dawa zako. Nilimweleza kwa hasira kwamba haikuwa nazo, kwamba kila mwezi mimi na wewe tulipanda basi hadi Njombe mjini kwa baridi ile, wewe umevaa koti langu kuukuu la kufundishia, na kwamba mara nyingine tuliambiwa turudi wiki inayofuata. Jibu hilo lilimpendeza, aliliandika lote. Kisha akauliza, "Mgonjwa aliwahi kuacha dawa?" Nikasema ndiyo. "Kwa sababu gani, babu?"

Nikasema, "Alikataa mwenyewe."

Nimefundisha miaka thelathini na minne, Osmundi. Niliwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ulikuwa ukimwita yule muuguzi wa Njombe "bosi". "Bosi, leo unanipa vya rangi gani?" Naye alikujibu, "Vya kukutuliza wewe mtukutu. Na wewe mzee, asikose hata siku moja." Ukanigeukia kwa furaha, kana kwamba umenishtaki nikapatikana na hatia: "Umesikia, kaka? Hata siku moja!" Ulirudia maneno hayo ndani ya basi mpaka abiria wakacheka.

Lakini ulikuwapo mgowe. Kaya sita tulilimiana kwa zamu, na kila kaya ilipaswa kutoa mikono ileile iliyopokea. Kwetu ilikuwa mikono yangu, ya shemeji yako na yako. Vidonge vilikulegeza, ulisinzia juu ya tuta ukiwa umeegemea mpini wa jembe. Mama mmoja wa jirani akapaza sauti shamba zima lisikie: "Mwalimu, huyu umemleta kulima au kuatamia?" Watu walicheka. Hata wewe ulicheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake nilifungia kopo la dawa kabatini. Ulisimama mlangoni na kikombe chako cha maji.

"Kaka, leo hujanipa."

"Daktari amesema upumzike mpaka tumalize kupanda."

"Alisema lini? Mimi nilikuwepo."

"Unanibishia?"

"Hapana, kaka."

Ulikunywa yale maji matupu, ukachukua jembe. Wiki ya kwanza ulilima kama watu wawili. Mama yuleyule alisema, "Haya, sasa Osmundi kaamka!" Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna. Kila asubuhi ulikuja na kikombe chako kuuliza, na kila asubuhi nilikujibu vilevile. Wiki ya tatu hukuja tena. Ulikuwa umeacha kulala, ukawa unayaamuru matuta yanyamaze, na chakula cha shemeji yako ukakinusa na kukisukuma mbali. Nilipofungua kabati na kukuletea vidonge, ulivitema. Ulisema nimevitia sumu. Hapo ndipo ulipokataa, hapo tu, na kukataa huko ndiko nilikowapa watafiti.

Siku ya soko ulitembea kwa miguu hadi Makambako. Mchana kweupe uliingia barabara kuu mbele ya lori la mizigo. Dereva alilia kuliko mimi.

Juzi watafiti walirudi kutusomea matokeo yao katika ofisi ya kata. Nilikaa mstari wa mbele. Msichana yule alisoma kwa sauti nzuri kwamba sababu mojawapo ya wagonjwa kuzidiwa ni kwamba wao wenyewe hukataa dawa, hivyo inafaa wapewe elimu. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Elimu upewe wewe, uliyekuwa ukidai dawa yako kila asubuhi!

Nikasimama. Nikasema mdogo wangu hakukataa. Mimi nilimnyima ili akalime mgowe, kisha nikawadanganya hawa vijana. Mtu wa nyuma akasema, "Mwalimu, keti basi, soda zinapata moto." Wengine wakacheka. Msichana alinitazama kwa adabu. "Tunashukuru kwa mchango wako, babu. Ila taarifa imeshapelekwa." Kisha akaendelea na ukurasa uliofuata.

Nje alinifuata mwanamke mmoja ambaye binti yake anahudhuria kliniki ileile ya Njombe. Nilidhani anakuja kunitukana, nami nilikuwa tayari.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi wangu nampa nusu. Tangu juzi."

Nikamwambia ampe kizima, leo hii, asingoje kesho.

"Nikimpa kizima analala. Zamu yetu ni Jumatatu. Utakuja wewe na jembe badala yake?"

Nina miaka sabini na mbili, na goti langu la kushoto halikunjiki. Nilifikiria goti, Osmundi. Mbele ya mwanamke yule, baada ya yote niliyotoka kuyasema, nilisimama pale nikifikiria goti. Alingoja kidogo, akanifungia mwavuli wangu uliokuwa umepinduka na upepo, akaenda zake.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa najua ungenipa upesi mno. Lala, mdogo wangu. Mvua zimeanza huku, na watu wanapanda.

Kaka yako mkubwa