Nyundo ya Mwisho wa Filamu

Tegeta, Alhamisi

Mwanangu Asifiwe,

Marahaba, maana najua ukiiona tu karatasi hii utaniamkia. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Usilale na feni imekuelekea usoni, nimeshasema sana. Mie mzima, mgongo tu, nao tumeshazoeana. Mdogo wako Stanley anasoma, anakula, anakusalimia.

Utashangaa mama kuandika barua na simu anayo. Nimejaribu kukutumia sauti mara tatu, kila nikifika kwenye neno lenyewe nafuta. Kwenye karatasi angalau sijisikii nikisema. Mwandiko uuvumilie, darasa la nne niliacha katikati.

Nianze na la kufurahi. Siku ile ulipokuja Mtongani kunirekodi nikiponda kokoto, na kile kipaza sauti chako chenye manyoya kama kifaranga, mwenzangu Tabu alituvunja mbavu. Alisema Auleria uzee umekuingia vibaya, sasa unataka kuimba singeli. Ukamwambia mama mdogo nyamaza, unaniharibia. Ukakaa juani mpaka saa nane, unaniambia nigonge kama siku zote, nisigonge kwa ajili yako. Nikajisemea, huyu mtoto anahangaikia nini mlio wa mawe, wakati sie tunatamani tungeukimbia?

Halafu nikaja kwako Kawe nikaona kazi yenyewe. Unakata mlio mmoja mmoja kwenye kompyuta kama anayechambua mchele. Unaushusha, unaupandisha, unauwekea besi chini, unauchanganya na kinanda ambacho humo chumbani sikukiona. Siku nne kwa muziki wa dakika mbili, tena wa kupitishia majina tu mwisho wa filamu ya rafiki yako Nassibu! Nikakuuliza nani anasomaga yale majina. Ukasema mama, waliofanya kazi wanayasoma.

Sasa siku ya kuonyesha. Uliniambia nije na niwapendao, nikaja na akina mama wanne wa jumuiya yetu ya kanisani, mwenyekiti wetu Mama Venance yuko mbele na wigi jipya. Njia nzima najisifu, mwanangu katengeneza muziki wa filamu. Mlangoni ukanivuta pembeni, ukaninong'oneza nisitoke mpaka taa ziwashwe, maana kwenye yale majina na langu umeliandika: Auleria Mashaka, mponda kokoto, Mtongani. Ulikuwa unacheka huku machozi yanakulengalenga. Nikakushika shavu, nikaingia.

Baadaye uliponiuliza kwa nini tulitoka kabla ya muziki, nilikwambia Mama Venance alishikwa na kizunguzungu kwa ile baridi ya ukumbini. Ukaniamini. Ukatuma na machungwa nimpelekee mgonjwa. Nilimpa, nikasema ni zawadi tu kutoka kwako, akayasifu sana.

Juzi ukapiga simu. Ukasema Nassibu anaipeleka filamu kwenye tamasha Jumamosi hii, na wewe umewaza, umeona ulinikosea kuandika jina langu bila kuniuliza. Kwamba utalitoa, na nyundo nayo utaitoa, utaweka ngoma ya kompyuta. Ukaniomba msamaha. Wewe, uniombe mie msamaha! Nami nikajibu fanya unavyoona. Toka hapo chakula hakipiti.

Asifiwe, Mama Venance hakuumwa. Alikuwa mzima kuliko mie.

Tangu tuhame Mtongani baba yako alipofariki, nawe ukaenda kupanga Kawe, huku Tegeta hakuna anayejua kazi yangu. Jumuiya yetu ina walimu, makarani, wake za watu wa maofisini. Siku ya kwanza waliniuliza ninafanya nini, nikasema nauza vitenge Kariakoo. Lilinitoka tu mdomoni. Miaka mitatu sasa natoka asubuhi nimependeza, nabadilisha nguo kwa Tabu, jioni naoga kwake vumbi liishe ndipo nirudi. Wakiona vidole vyangu nasema ni sabuni ya unga. Sasa wewe umeniambia jina litapita kwenye lile pazia kubwa, na kazi yake! Hiyo filamu sikuiona hata kidogo. Nilikuwa nauvizia mwisho. Kilipoingia kiza nikasimama wa kwanza, nikasema haya jamani imeisha, tuwahi foleni ya Mwenge. Niliwasukuma kabisa.

Na si hilo tu. Tulikuwa kwenye ngazi, mlango haukujifunga vizuri, nikasikia. Mbili, kimya, moja. Mbili za kupasua, nageuza jiwe, moja ya kumalizia. Kule Mtongani nzima hakuna mwingine anayegonga hivyo. Na ulivyoutandika ule mlio chini ya kinanda, mwanangu, ulikuwa mzuri mpaka nikasimama pale pale kwenye ngazi kuusikiliza. Mama Venance akasema, "He! Humo ndani wanagongelea misumari?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Nikasema labda ni mafundi, wanatengeneza paa.

Mafundi! Nayasema hayo, wewe uko ndani unatazama viti vitano vitupu.

Wenzangu wa jumuiya bado sijawaambia. Nikisema nitawaambia Jumapili nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo, maana naogopa mpaka leo. Lakini wewe hukunikosea kitu. Nyundo iache. Jina liache pamoja na kazi yake, lisomwe huko linakokwenda, na filamu ikirudi kuonyeshwa huku, na walisome. Nitakaa kwenye kiti. Ila kama umeshalitoa, sitakulaumu, nitajua nililitoa mwenyewe pale kwenye ngazi.

Barua hii Tabu atakuletea kesho mapema akipita Kawe. Mpe chai, ila usimuulize chochote, hajui kilichomo. Msalimie Nassibu na mama mwenye nyumba wako. Mungu akutunze, ule vizuri, na ukinikasirikia nikasirikie, lakini usikae kimya siku nyingi.

Ni mimi mama yako,
Auleria