Agbo ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Paja tena! Nilikuwa namaliza mzunguko wa mwisho wa mazoezi, msuli wa nyuma ukaniuma ghafla, kana kwamba mtu kanifinya kwa ndani. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Kocha Irabor ana macho ya mwewe, ila leo alikuwa anawafokea warusha mkuki.

Nikimwambia, ananitoa. Mashindano ya vyuo ni Jumamosi, hapa hapa kwetu Ibadan. Watatu wa kwanza mita mia wanakwenda kambi ya taifa. Na mimi mwaka huu ndio wa mwisho chuoni. Baada ya hapo nini? Kupima vitambaa dukani na Mama?

Nimempigia Mama huko Oyo. Hakuuliza hata ni paja lipi. Kasema tu: "Abeke, nakutumia agbo." Abeke ni jina lake la kunibembelezea. Akilitumia, jua kashaamua.

Jumanne, 5 Machi

Chupa ya agbo imefika, dawa yetu ya mizizi na majani. Chupa ya soda, maji ya kahawia, vimizizi vinaelea ndani. Chungu kama nyongo! Kaichemsha Iya Risi wa sokoni, yule aliyekuwa akinitibu homa utotoni. Funda asubuhi, funda jioni. Mama kasema ni majani tu, bibi yangu aliinywa na akalima mpaka uzee.

Jumatano, 6 Machi

Maumivu hakuna! Yamekwenda! Leo nilikuwa sikanyagi chini, napaa. Kocha kaniuliza, "We Motun, umefukuzwa na mbwa?" Wote wakacheka isipokuwa Tari. Tari tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, na tunagombea mita mia ile ile. Kaniangalia paja, kisha usoni. Nikageukia kwingine.

Pua imeniwasha kutwa. Na nina raha fulani isiyo na sababu. Labda ndiyo afya.

Ijumaa, 8 Machi

Sina raha tena.

Daktari wa mashindano kaja kutuonya kuhusu dawa za kusisimua misuli. Sindano, vidonge, yale yale. Nilikuwa napiga miayo. Mara akasema: "Na agbo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kasema siku hizi wako wauzaji wanaosaga vidonge vikali vya maumivu na kuvitia chunguni, mteja apone upesi, arudi tena. Vikikutwa mwilini mwako siku ya mbio, unafungiwa miaka. Kutojua si utetezi. Mwili wako, mzigo wako.

Tari akanipiga kiwiko. "Unasikia? Siku hizi hata majani yanaumwa, yanameza vidonge!" Nilicheka kuliko wote.

Nimempigia Mama. Nikamuuliza Iya Risi anatia nini humo. Moto ukawaka! Namtukana Iya Risi? Aliyeniogesha siku niliyozaliwa? Nikajaribu kueleza habari ya vipimo, wapi, hakunipa nafasi. Kasema atamuuliza mwenyewe, ili nione aibu. Akakata.

Chupa nimeiviringisha ndani ya kitenge, chini ya kitanda. Bado nusu. Ningeweza kuimwaga. Kwa nini sijaimwaga?

Jumamosi, 9 Machi, asubuhi

Paja limerudi, na limekuja na ndugu zake. Kushuka ngazi nimeshika ukuta. Tari kaniletea akara, bagia zetu za kunde, na uji, kaniuliza kama nimelala vizuri. Kama mtoto, nikasema ndiyo.

Alipotoka nimekunywa. Funda moja.

Naandika ili nisijidanganye: jana ningeweza kusema sikujua. Leo nilijua, na nimekunywa.

Ila nimepata njia. Anayepimwa lazima ni mshindi. Wengine ni kwa bahati. Basi nitakuwa wa tatu. Wa tatu tu! Kambi naipata, wapimaji siwaoni. Mungu wangu, tangu nizaliwe sijawahi kupanga kushindwa. Sijui hata mtu anaanzaje.

Bado Jumamosi

Naandikia kwenye chumba cha wapimaji.

Nusu fainali nilijizuia, nikawa wa tatu, sawasawa. Kocha akanikodolea macho. "Unamhifadhia nani hizo mbio? Mumeo?" Nikasema naihifadhia fainali. Uongo mwingine.

Fainali. Nikachelewa kutoka, makusudi. Katikati ya njia wawili wako mbele yangu, Tari na msichana mmoja mrefu wa chuo cha Benin. Hapo hapo, nikajiambia, kaa hapo hapo. Kisha mgongo wa Tari ukaanza kunikaribia. Sijui niseme nini. Miguu haina masikio. Tangu shule ya msingi mgongo ukinikaribia mimi naupita, ndicho pekee ninachokijua, na nikaupita.

Nimeshinda! Nilipiga yowe pale kwenye utepe, watu wakadhani ni furaha. Tari, wa pili, kanikumbatia kwa nguvu. Kaninong'oneza, "Mwizi we, ulikuwa unanichezea!" Alikuwa anacheka. Yeye anakwenda kambini, tena kwa haki.

Mkono ukanigusa bega. Mama mmoja mwenye hijabu na kizibao cha njano cha wapimaji. "Hongera, mwanangu. Mimi Hajiya Rabi. Kuanzia sasa sikuachi hata hatua." Nikapiga goti kumwamkia, mazoea. Akaniinua, akanileta chumba hiki.

Kazi yake ni kunitazama nikikojoa. Nitazamwe! Nimekunywa maji chupa moja, ya pili, ya tatu. Hakuna kitu. Mwili wote umefunga milango. Hajiya ana upole wa watu wa Kano, kule kaskazini, kaniambia nisiogope, wasichana wengi huona haya. Haya! Laiti ingekuwa haya.

Kaniuliza nimetumia dawa gani wiki hii. Yoyote, hata ya majani. Nikamwambia aningoje nikumbuke. Nikatoa daftari hili, anadhani ndimo ninamokumbukia. Ananisubiri. Anahesabu tasbihi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikisema agbo, watampeleleza Iya Risi, watamfikia Mama. Nisiposema, chupa ile yao ndogo ya mkojo itasema. Na lile funda la leo nitamsingizia nani?

Ujumbe wa Mama, wa saa nyingi, naufungua sasa hivi: "Nimemuuliza Iya Risi. Furahi! Niko njiani."

Nifurahi?

Yuko hapa! Namsikia, yuko nje ya dirisha hili. Ananisifu kwa sauti, Abeke, mjukuu wa wakimbiao na mvua wakafika wakavu. Watu wanapiga makofi. Nimechungulia. Kashika chupa, mpya, imejaa, kaiinua juu kama kombe. Anawaambia walinzi, anamwambia Kocha, anamwambia kila mwenye sikio, kwa Kiyoruba chetu kitamu: si majani matupu haya! Iya Risi kamtilia mwanangu kile kidonge chake kikali, kile cha wabeba mizigo!

Kocha Irabor hacheki. Kageuka, anaangalia dirisha langu.

Na sasa, sasa hivi, mkojo umekuja. Siwezi kuuzuia.

Hajiya kaweka tasbihi chini. Kiyoruba hajui. Anatabasamu. "Mama yule ana furaha kweli. Anasema nini?"

Nimemwambia ni mama yangu.

Hilo silo aliloniuliza. Kauliza tena.