Kijembe Changu na Begi la Mama Salim

Jumatatu, 8 Septemba

Cherehani imegoma tena. Skrubu ya mguu wa kubana kitambaa imelegea, na bisibisi Baba Nasra kaenda nayo Liwatoni, kwenye maboti anayoyapaka rangi. Nikatoa kijembe mfukoni. Nikakaza, nikajaribu, nikashona. Buibui la mteja likaisha kabla ya adhuhuri.

Kisu hiki cha kukunja nilikinunua kwa muuza mitumba wa Mwembe Tayari, na tangu siku ile nakiita kijembe. Kisu ni kile cha jikoni. Hiki kidogo, kina makali, bisibisi, kifungulio cha mikebe na msharasi wa kutobolea ngozi. Nyumbani wananicheka. Mwanamke mzima na kisu mfukoni! Wacheke. Leo peke yake kimekaza cherehani, kimemenya machungwa, kimezibua matundu ya jiko la gesi na kimerudisha mkono wa miwani ya Baba Nasra. Naye ndiye anayecheka kuliko wote.

Begi linaletwa Jumapili. Mama Salim na wanawake wa upande wao watakuja na nguo na manukato ya bibi harusi, begi lifunguliwe sebuleni mbele ya wote, kila kitu kiinuliwe kionekane. Nikahi Ijumaa inayofuata. Kisha mwanangu Nasra atahamia kwa kina Salim, mumewe, mtaa wa Kuze. Wao wawili juu, mama mkwe chini, mlango wa kuingilia mmoja.

Mama Salim simjui vizuri. Mjane, anauza mihogo na viazi karai ufukweni Mama Ngina, maneno machache. Namwombea Nasra apendwe. Sina dua nyingine siku hizi.

Jumanne, 9 Septemba

Viti vya kukodi vimeletwa mapema. Vibovu! Kimoja kimemwangusha Baba Nasra na kikombe cha kahawa mkononi. Nimecheka kabla ya kumuuliza kama ameumia, naye hajasahau.

Mdogo wangu Batuli akaandika kwenye lile kundi la simu la akina mama, la pande zote mbili, akiuliza viti hivi vitafaaje. Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Nilipopata nafasi nikajibu mbio mbio: "Msiwe na wasiwasi. Jumapili kijembe changu ninacho tayari. Yeyote atakayelegea nitamkaza, na atakayebana nitamfungua mbele ya watu."

Nikaweka simu, nikaenda kukaanga samaki.

Kundi limenyamaza tangu hapo. Ajabu. Kundi hili huwa halinyamazi hata umeme ukipotea.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Salim amejitoa kwenye kundi. Hakuaga, hakueleza. Nikadhani simu yake imeharibika. Nikaendelea na kazi yangu, mwavuli wa jirani, ubavu mmoja umechomoka. Nimeufunga kwa waya na kuubana kwa ncha ya kijembe. Umefunguka vizuri, ingawa sasa unaegemea upande kidogo.

Alasiri Batuli kaingia bila hodi, simu mkononi.

"Dada, wajua ulichomfanyia mkweo?"

"Nimemfanyia nini mimi?"

"Haya, soma. Anza juu."

Nikasoma. Kumbe baina ya swali la Batuli na jibu langu, Mama Salim alikuwa ameandika: "Inshallah Jumapili twaja na begi letu. Mtupokee kwa uwezo wetu." Chini yake, pap, mimi na kijembe changu.

Ya Rabi. Mji huu kila mwanamke anajua kijembe ni nini, na si kisu. Ni lile neno la kuchoma linalorushwa shughulini bila kutaja jina, na mwenyewe akajijua. Wengine huliimba kabisa, wakamchezea mtu kiuno mbele yake. Nami nikaongeza "yeyote". Nikaongeza "mbele ya watu". Kiti nimekiita yeyote! Tangu jana viti vinanisumbua kama watu, nikaviandika kama watu.

Nilicheka mpaka machozi. Batuli naye. Kisha nikamwona Nasra amesimama mlangoni, na yeye hacheki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepiga simu, haishikwi. Nimetuma sauti ndefu ya kueleza, viti, skrubu, yote. Haijasikilizwa.

Jioni nikavaa nikaenda Mama Ngina mwenyewe. Watu wamejaa, karai linachemka, Mama Salim anapasua mihogo ya kuchoma bila kuangalia mkono. Nikangoja foleni kama watu wengine. Ikafika zamu yangu.

"Mama Salim, masalkheri. Nimekuja tuzungumze."

"Mihogo au viazi?"

"Dada yangu, lile neno silo ulidhanilo."

"Nitie pilipili?"

Nyuma yangu mtu akaanza kukohoa. Nikasema tia. Nimerudi nyumbani na mihogo. Mitamu mno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Baba Nasra kala nusu, kauliza nitarudi tena lini kuomba radhi.

Ijumaa, 12 Septemba

Salim amekuja baada ya swala. Kijana mzuri, haya zimemjaa, macho yako kwenye zulia tangu kuingia. Ujumbe: begi litaletwa na shangazi yake. Mamake ana homa.

Homa! Jana alikuwa mzima mbele ya karai.

Nasra hakula. Nilipomfuata chumbani alisema neno moja tu: "Mama, wewe utamuona Idi na Idi. Mimi ndiye n'takayekaa naye."

Nina hasira. Na simu, na viti, na mwenye kukodisha viti. Na Mama Salim pia. Mtu mzima anashindwaje kuuliza? Nimekaza vipini vyote vya kabati la Nasra, hata visivyolegea. Nimejikata kidole.

Jumamosi, 13 Septemba

Batuli kaenda Kuze kunisemea. Kapokewa vizuri, kapewa chai, lakini kila akianza habari ya kisu, Mama Salim anamuongezea kaimati. Karudi ameshiba na jibu nusu: atakuja kesho kwa ajili ya mwanawe, ila atakaa karibu na mlango.

Batuli kaniapisha. Hilo neno nisilitamke, na kisu nikiache nyumbani.

"Nyumbani ni hapa hapa," nikamwambia.

"Basi kiache jikoni!"

Nimekiweka jikoni. Baadaye nikakitoa, kuna kiti kimoja kilikuwa kinayumba bado.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika kabla sijasahau hata moja, ingawa miguu inaniwaka.

Waliingia alasiri kwa vigelegele. Begi mbele, jekundu, jipya, kubwa, limebebwa na wawili. Mashangazi nyuma, wamejifukiza udi. Mama Salim mwisho kabisa. Akanipa mkono, baridi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Nilikiangalia kile kiti. Alhamdulillahi, nilikuwa nimekikaza.

Sharubati zikapita, sambusa zikapita. Upande wetu wanaimba, upande wao wanaitikia kwa heshima tu. Nasra kakaa juu ya mkeka kainamisha kichwa. Ikafika saa ya begi. Shangazi mtu akaliweka katikati, akashika zipu.

Haiendi.

Begi ni la kisasa, lile la kufungwa kwa namba. Salim ndiye aliyelifunga, Salim ndiye ajuaye namba, na Salim yuko bandarini zamu ya mchana, simu imezimwa. Wakajaribu mwaka aliozaliwa. Wakajaribu wa Nasra. Kila mmoja akawa na namba yake. Mmoja akashauri lipigwe chini. Pembeni nikaanza kusikia kicheko cha chini chini, na ni cha upande wetu. Bibi mmoja wa ukoo wetu, simtaji, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Labda ndani hamna kitu."

Nikamwangalia Mama Salim. Alikuwa ameshika ushungi wake kwa mikono miwili, anautazama. Ndipo nikaelewa, na nikaona aibu. Tangu Jumanne mwanamke huyu alikuwa anangojea saa hii. Alikuwa anangoja tumcheke kwa begi lake, kwa mihogo yake, kwa kumlea mwanawe peke yake kando ya karai. Ikaja yenyewe, hata mimi sijafungua mdomo.

Kijembe kilikuwa mfukoni mwangu, chini ya dera. Batuli alinikazia macho. Nikitoe, ataona namkejeli. Nisikitoe, begi lake linachekwa sebuleni mwangu.

Nikainuka. Nikaenda mpaka mlangoni, nikapiga magoti mbele ya kile kiti, nikakiweka kisu mapajani mwake, kimekunjwa.

"Mama Salim, kijembe changu ndicho hichi. Sina chengine. Wallahi sina chengine."

Akakitazama. Akakigeuza. Akakikunjua makali, akayakunja. Akakunjua bisibisi.

"Hichi?"

"Hichi. Ni cha kukazia viti."

"Nawe hukiita kijembe?"

"Miaka yote."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Hapana! Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mpaka ushungi ukamwanguka.

"Mama Nasra, umeniua! Nami wiki nzima silali, natunga chako!"

"Changu?"

"Cha kukujibu! Kina vina, kina kila kitu! N'shakihifadhi kwa moyo!"

Hapo nyumba ililipuka. Vigelegele, makofi, Batuli kalala juu ya mto. Wote wakataka kukisikia. Mama Salim akakataa katakata, uso umemuiva kwa kicheko.

Sasa begi. Ningeweza kulifungua mimi, najua vile zipu inavyokubali, nimebadilisha zipu za kutosha. Lakini begi ni la kwao. Nikamvuta mkono tukaenda kukaa chini pamoja. Nikamwonyesha mahali ambapo meno ya zipu yanapishana.

"Tia ncha ya msharasi hapa katikati. Sukuma, usivute. Taratibu."

"Kama kupasua mhogo."

"Kama mhogo, ila huu hauna mvuke."

Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Ncha ikazama, meno yakaachana, zipu ikafunguka mbele yake kutoka pembe hadi pembe, na kufuli la namba likabaki limening'inia limefungwa, halina habari. Nilipiga kigelegele cha kwanza mimi mwenyewe.

Na ndani! Leso doti kwa doti, harufu yake ya dukani haijatoka, madera, viatu, udi, mafuta ya karafuu, nguo za kulalia ambazo mashangazi waliziinua juu makusudi mpaka Nasra akajifunika uso. Kila kitu kimekunjwa kwa mkono wa mtu aliyekunja, akakunjua, akakunja tena. Mama Salim aliinua kimoja kimoja mwenyewe. Yule bibi wa ukoo wetu nilimpa sambusa ya mwisho, iliyoungua.

Walipoondoka, Nasra alinikumbatia kwa nyuma nikiosha vyombo. Mimi nikasema mengi, kama kawaida yangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nikahi imesomwa. Salim amejibu mbio kabla kadhi hajamaliza, watu wakacheka. Baba Nasra kalia, anasema ni moshi wa udi. Kilemba chake kilifumuka mlangoni mwa msikiti, kijembe na pini moja vikamsitiri. Hakucheka safari hii.

Nasra ameondoka na wao. Nimechoka. Nimefurahi. Naumwa na kichwa.

Jumatatu, 29 Septemba

Fungate imekwisha, Salim amerudi kazini leo. Siku ya kwanza ya kawaida huko Kuze.

Nimeamka alfajiri, nikaswali, nikakaa kwenye cherehani. Nikaita, "Nasra, niletee uzi mweusi." Baba Nasra akaniletea. Kaleta wa buluu. Nimeshonea.

Kulipokucha nilimpigia Nasra. Nilimfunza tangu mdogo, mke wa watu asiamshwe na mama mkwe, yeye ndiye aamke kwanza, afagie, atie chai jikoni. Nilitaka kuhakikisha tu. Simu ikapokewa na Mama Salim.

"Sabalkheri, Mama Nasra. Mwenyewe amelala."

Nikaanza kuomba radhi. Nikasema amwamshe, si tabia yake, sijui amepatwa na nini.

"Simwamshi," akasema, sauti ya chini kabisa, kama mtu anayezungumza karibu na kitanda cha mtoto. "Amechoka mwanangu. Chai nimemfunikia."

Tukaagana. Kisha nimerudi kushona.