Kaseti ya Khocha Inayozunguka

Matisi, Kitale
7 Juni 1988

Mpwa wangu Agneta,

Hamjambo huko Myanga? Sisi tuko, isipokuwa goti langu, linalotabiri mvua vizuri kuliko redio.

Bendi yangu imeisha. Kimaiyo amepata ualimu Kapenguria, akaenda na gita. Nakhungu ameokoka, ati ngoma zake sasa ni za kanisa tu. Lakini harusi yako usiihofie. Nimekata utepe wa kaseti, nikaunga ncha zake ukawa duara, nikaziba pale redio inapofutia sauti, ya kwanza isifutwe na ya pili. Napiga nyuzi za litungu langu kidogo, kaseti inazunguka ikirudia. Naongeza mlio wa chupa, kisha sauti yangu. Mtu mmoja, bendi nzima.

Jumamosi nilijaribu hotelini kwa Jerono. Mwanzoni walipiga makofi. Baadaye Jerono akanijia: "Absalom, kaseti yako imekwama." Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema, "Basi itoe bana, watu wanameza chai moto waondoke."

Wewe si utanivumilia?

Khocha wako, kaka pekee wa mama yako,
Absalom


Myanga
19 Juni 1988

Khocha,

Mama anakusalimu, goti ulipake samli.

Habari ya kaseti ilitangulia barua yako. Baba anasema kama ni hiyo, ataita bendi ya Webuye. Nimekataa. Siku ninapotoka nyumbani, nani atawataja watu wa kwa mama? Bendi ya Webuye inawajua? Nimekusimamia mbele ya baba, kwa hivyo usiniaibishe.

Jana tulipalilia mahindi, mama akiimbisha. Sisi tuliitikia neno lilelile tangu asubuhi na hakuna aliyechoka, kwa sababu mama hakurudia. Alimsema shangazi, akalisema kwekwe, akanyamaza tukasikia majembe tu, akarudi na sauti nyingine. Khocha, kaseti si mwimbaji, ni kama sisi waitikiaji. Wewe umekuwa ukiitikia pamoja nayo, ndiyo maana mnachosha.

Mpwa wako,
Agneta


Matisi, Kitale
30 Agosti 1988

Bibi harusi,

Habari za nyumba mpya huko Bungoma? Mumeo Mukhisa amezoea ugali wako, ama bado anatafuna?

Mimi natembea kama jogoo. Si uliona siku ya harusi? Walipoizoea chupa, nikaweka kaseti isiyo nayo. Nikamtaja nyanya yako, nikanyamaza. Mabega yalipoanza kucheza nikaweka kaseti nyingine, fupi, ya haraka. Na maneno ya kukuaga niliyaimba macho nimefumba, nisilie mbele ya wakwe. Hapo wimbo ulitaka wenyewe kwenda polepole, nikaufuata. Kaseti haikuniacha hata kidogo, tena sauti yake ilikuwa nene ajabu. Mwambie baba yako hilo.

Khocha wako,
Absalom


Bungoma
12 Septemba 1988

Khocha,

Tuko salama. Mukhisa amenenepa, kwa hivyo nyamaza.

Baba nimemwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Khocha, betri ziliisha. Ulipoanza kuniaga, kaseti ikavuta miguu, taa nyekundu ya redio ikazimika, na wewe umefumba macho. Baba ndiye aliyeona kwanza. Kiitikio alikuwa amekisikia kikizunguka mchana kutwa, hata angetaka kukisahau asingeweza. Akakidaka kwa sauti yake. Ndugu zake wakafuata, wakwe wakafuata, uwanja mzima. Hiyo ndiyo sauti nene unayoisifu.

Mama alitaka kukugusa bega uone. Baba akamshika mkono.

"Mwache," akasema. "Akifumbua macho atabadilisha betri."

Mpwa wako,
Agneta