Beseni Nyuma ya Tangi

Jumatatu, 3 Februari

Sijamwambia mtu yeyote: nimeficha gugu!

Shangazi alinituma kung'oa magugu yote ukingoni mwa bwawa la kitalu chake cha maua. "Nataka pawe peupe kama upara wa baba yako!" Nikang'oa. Lakini gugu moja — sikuweza. Linatambaa. Vijani vyake ni vya duara kama vifungo vya shati, na kila kifundo cha shina kikigusa tope kinatoa mizizi. Nimelipanda kwenye beseni lililopasuka, nyuma ya tangi la maji. Moyo unanidunda kama nimeiba ng'ombe.

Jumatano, 12 Februari

Majani mapya kumi na moja! Mzee Chepe, mtunza mawaridi wetu, akanisikia. "Unaongea na nani huko?" Nikasema najisomea. Uongo. Nilikuwa nalipongeza.

Tangu nimalize shule sijaanzisha kitu changu mwenyewe. Hiki tu.

Jumanne, 11 Machi

Balaa! Limetokea kwenye ufa wa beseni, likapita chini ya meza, likaingia kwenye vyungu tisa vya mawaridi! Limening'inia pembeni kama pindo la gauni. Zuri mno. Na Shangazi kaliona.

"Mzee Chepe! Hivi vyungu vya mawaridi au vya vyura?"

"Mama, uliozeeka ni mgongo. Macho bado, nayaona."

"Basi kesho utapalilia vyungu vyote, kimoja kimoja!"

Vyungu mia mbili. Na mgongo ule! Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Nikaishia kuomba nimsaidie kupalilia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeinama naye tangu asubuhi. Vile tisa tumeviacha vya mwisho, vya kesho. Mara, bila kuniangalia: "Binti, beseni lako linavuja majani."

Alijua! Tangu siku ya kwanza! Akacheka mpaka akashika kiuno. Nikamuuliza mbona hakunitaja.

"Gugu lako. Litaje wewe."

Nimesema kesho. Kesho kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Siamini, siamini! Asubuhi amekuja mama mmoja, mpambaji wa kumbi. Mawaridi yote akayapita kama hayaoni. Akasimama kwenye vile vyungu tisa. "Haya yaliyovaa shela! Nachukua yote. Na mengine thelathini, mwezi ujao."

Shangazi hakupepesa hata jicho. "Ah, hayo ni ya oda maalumu."

Maalumu! Nilijibanza nyuma ya magunia ya mbolea, nikang'ata kanga nisicheke.

Mteja kaondoka, Shangazi sauti asali tupu: "Mzee wangu, ulifanyaje?" Mzee Chepe akatazama angani. "Mimi sijui, mama. Mwenye utaalamu anapatikana nyuma ya tangi."

Nimekimbia kumtangulia Shangazi. Niko hapa, nimekaa kwenye tofali, penseli ina tope. Nimehesabu vifundo vilivyobaki kwenye beseni. Thelathini na vinne! Kila kimoja ni chungu kimoja, nikikata vizuri. Mtu pekee anayejua kukata ni mimi.

Ndala za Shangazi — nazisikia kwenye kokoto. Gunia la kufunikia beseni lipo hapa, karibu na mguu wangu. Silichukui.

Daftari, wewe nyamaza kwanza. Usimwambie mtu. Hili nataka kulisema mwenyewe.